Usimrudishe Yule Mtoto

Kagunga, 4 Februari 2024

Mwanangu Selina,

Mwakeye. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam na kile kifua kimepona. Mimi ni mzima, ila mguu unanisumbua nikipanda mlima kwenda shamba. Dagaa wa giza lililopita, siku zile zisizo na mwezi, walikuwa wengi, lakini mvua ikawakuta tumewaanika mchangani, tukaokoa kidogo. Nakuandikia kwa sababu simu hapa inanasa mtandao wa Burundi kuliko wetu, na jambo hili sitaki likatikekatike. Nickson ataibeba kwenye boti yake hadi Kigoma na kuipeleka kwenye basi.

Kila Jumatano vijana wanajazana dukani kwa Mwinshehe kuangalia tamthilia unayoiandika kwenye runinga, na mimi huenda kwa sababu ni kazi ya mwanangu. Msimu wa kwanza niliuelewa. Wanafunzi wanne wa sekondari wanaona taa zinawaka chini ya ziwa, wanatafuta nani anaziwasha. Nilicheka, nikasema mtoto wangu ana akili za ajabu.

Sasa huu msimu wa pili. Kijana anakwenda kuvua dagaa, asubuhi mtumbwi unaonekana unaelea peke yake. Taa za mtumbwi zinawaka bado. Sweta lake la kijani limekunjwa vizuri juu ya ubao wa kukalia.

Selina, lile sweta ni la nani? Kaka yako Thobias alipopotea, mtumbwi wake ulikutwa hivyo hivyo, na habari ya sweta tunaijua sisi wa nyumba hii tu. Jumatano ile nilitoka dukani kabla haijaisha. Diana, binti wa jirani, ndiye aliyenishika mkono.

Sijakasirika. Nataka kujua mambo mawili. Kwa nini hukuniambia? Na yule kijana, atarudi?

Mama yako,
Skolastika


Dar es Salaam, 17 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Pole kwa mguu, na pole kwa dagaa.

Ndiyo, nilimwandika Thobias. Bosi wetu, Bonaventura, alitaka msimu huu mtu apotee. Nilikaa siku nyingi nikibuni, na kila nilichobuni kilikuwa cha uongo. Siku niliyoandika mtumbwi ule, ofisini hakuna aliyegusa hata neno. Sikukuambia kwa sababu ungenikataza, nami nilitaka kuandika. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Umeuliza kama atarudi. Atarudi, mama. Zile taa za chini ya ziwa zimemchukua upande wa pili, mahali ambapo muda hausogei. Sehemu ya mwisho anatoka majini akiwa na umri ule ule, anatembea mchangani hadi kwao. Sehemu hiyo tutaipiga picha mwezi wa tano huko huko, ufukwe wa Ujiji. Nilipoiandika nililia kwa furaha. Nilidhani na wewe utafurahi.

Msalimie Diana.

Mwanao,
Selina


Dar es Salaam, 20 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Barua yangu ilikufika? Sijapata jibu, na nikipiga simu inaita tu.

Jana shangazi Evaline alinipigia kutoka Kigoma mjini. Anasema umetoa godoro la Thobias juani, umefua mashuka yake, na jioni unapakua sahani ya ziada. Anasema ulifika hadi Kibirizi kuwauliza wenye maboti, na baada ya hapo watu hawakukuona nyumbani siku kadhaa. Ulikuwa wapi, mama?

Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Selina


Kagunga, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Mwakeye, na heri ya Pasaka. Mimi ni mzima. Usiogope, akili ninayo.

Aliyokuambia wifi yangu ni kweli. Barua yako ilifika, nikaisoma mara nyingi mahali pamoja tu, pale ulipoandika "atarudi". Nilijua unasema habari za kijana wa kwenye runinga. Lakini moyo haukutaka kujua. Nikafua yale mashuka. Vijana nao wakawa wananipita wakisema, "Bibi, subiri tu, Jumatano utaona." Wao walikuwa wananitania kwa upendo.

Halafu Bariki, yule anayevuka kwenda Burundi kuuza nguo, akaniambia huko Rumonge kuna mwanamume anashona nyavu, si mtu wa pale, ana kovu kidevuni, hasemi ametoka wapi. Thobias alikuwa na kovu kidevuni. Nikapanda boti.

Nilimkuta amekaa chini na wavu miguuni, amenipa mgongo. Mabega yalikuwa yake, Selina. Nikaita, "Thobias." Hakugeuka. Nikaita tena, wenzake wakamgusa, ndipo akageuka. Kovu lipo, lakini lile ni la moto, na macho si ya mwanangu.

Akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?"

Nikamwambia.

Akaacha wavu, akaniletea kigoda. Akasema, "Mimi si yeye. Ningependa niwe yeye, kwa jinsi ulivyoniita." Akasema mama yake alikufa zamani, upande wa Kongo, na hajaitwa hivyo tangu hapo. Tukala wote ugali na migebuka. Akanisindikiza hadi kwenye boti, akanishika nisianguke kwenye maji.

Njiani nilikuwa natazama ziwa mchana kweupe. Nikasema moyoni, mwanangu yumo humu. Nilikuwa sijawahi kusema hivyo. Watu waliniambia, padri aliniambia, wewe uliniambia. Mimi nilikuwa sijasema. Tulikaa miaka yote hii bila kuondoa msiba kwa sababu hatukuwa na mwili wa kuzika, na mimi nikalifanya hilo kuwa sababu ya kumwachia mlango wazi.

Sasa nakuomba jambo. Usimrudishe yule mtoto. Wako wengi kandokando ya ziwa hili ambao mtu wao hakurudi, nao wanaangalia Jumatano. Na kingine, mbona mama yake anaonekana mara moja tu, analia, kisha mnahamia kwa wanafunzi? Mpe maneno huyo mama.

Padri atafika kigangoni mwezi wa tano, Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nimeomba misa ya marehemu kwa ajili ya Thobias. Baada ya misa tutaweka msalaba karibu na kaburi la baba yenu. Uje.

Mama yako,
Skolastika


Dar es Salaam, 6 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango.

Niliandika upya. Yule mama nilimpa sehemu nzima. Anakwenda mahali, anaita jina, anayegeuka si mtoto wake. Nilimpelekea Bonaventura. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema, "Ni nzuri, Selina. Lakini watoto wa watu wanasubiri muujiza. Tukiwanyima, msimu wa tatu haupo."

Nikamwambia wako pia mama zao wanaoangalia.

Akasema, "Basi mwandike hivyo kwenye kitabu chako. Hapa kijana anarudi."

Hakunifokea. Pengine hata yuko sahihi kwa upande wake. Lakini sikuweza kuiandika tena ile ya mwanzo. Nimeacha kazi. Atamalizia mwenzangu Fabian, na hivi sasa wako njiani kuja Ujiji na kamera zao. Kwa hiyo, mama, nisamehe, atarudi. Sikuweza kumzuia.

Nakuja kwa treni. Nitalala kwa shangazi, kisha nitapanda boti ya Nickson. Nitakuwepo kwenye misa.

Mwanao,
Selina


Kagunga, 11 Julai 2024

Mwanangu Selina,

Mwakeye. Natumaini ulipumzika baada ya safari na kazi mpya ya redio inakwenda vizuri. Mimi ni mzima. Mahindi tumevuna, mguu umetulia. Msalaba uko imara, nimeuzungushia mawe ili mbuzi wasiuguse. Watu bado wanasema ulisoma somo vizuri siku ile ya misa, na mimi nasema ndiyo.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho. Diana alikuja kuniambia, "Bibi, leo usije, tutakusimulia." Nikamwambia nakuja.

Duka lilijaa hadi nje. Mwinshehe akanipa kiti cha mbele. Kijana akatoka majini, maji yanamchuruzika, akatembea kwenye mchanga wa Ujiji, nikaona hadi mitumbwi ya watu ninaowajua. Mama yake akatoka na sufuria mkononi, akaiangusha. Vijana wakapiga kelele, wakarukaruka, wengine wakakumbatiana. Halafu mmoja akakumbuka kuwa nipo. Wakanyamaza wote, wananitazama, runinga inaendelea peke yake.

Nikapiga makofi. Nikapiga kwa nguvu hadi nao wakaanza tena.

Tukitoka Diana akaniuliza polepole, "Bibi, kweli umefurahi?"

Nikamwambia, "Nimefurahi. Mtoto wa mwenzangu amerudi."

Nikanunua chumvi na sabuni, nikaenda nyumbani, nikalala.

Mama yako,
Skolastika