Kuoga bila Kikwembe

Jumapili, jioni

Bado nahisi kama maji ya ziwa yanatembea chini ya kitanda. Leo ufuko wa ziwa Nzilo ulijaa watu wa Kolwezi, nami nilikwenda kuandika jinsi wanavyopumzika baada ya wiki ya migodi.

Desturi hapa ni mwanamke kuoga na kikwembe kimefungwa kiunoni, juu ya nguo ya kuogelea. Ngalula, muuza mboga wa Musonoi, mtaa wa hapa hapa Kolwezi, alikifungua chake akanipa nimshikie.

"Mama, funga," muuza bia alimwambia. "Bamama ya huku habaonyeshake mapaja. Rudia kwenu Kasai."

"Mapaja ni yangu, tata. Na mi nilizalikia Musonoi. Ku Kasai siyafikaka hata siku moja."

"Samaki itakimbia."

"Itakimbia sura yako."

Watu walicheka. Yeye aliingia majini polepole, akaelea chali, macho kayafumba, kama mtu ambaye hakuna nchi iliyowahi kumuuliza anatoka wapi. Nilisahau kuandika.

Alipotoka, alijifunga kikwembe akaniambia, "Ukiandika jina yangu, usinipeleke Kasai na weye."

Alijua. Gazeti letu huongeza "mwenye asili ya Kasai" baada ya kila jina la mkoa huo, hata la mzaliwa wa hapa. Nimefanya hivyo miaka ishirini bila kumuuliza mwenye jina. Leo nikiyaacha maneno hayo, ninaogopa mhariri atayarudisha.

Habari nimeituma. Nimeandika: Ngalula, wa Musonoi. Mhariri akipiga simu kuuliza asili yake, nitamwambia nimeshaiandika.