Chungu Kimoja au Viwili?

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenipa talaka.

Kazi yangu unaijua: tunauliza familia zenye kipato kidogo vijana wao wanalala wapi na kwa nini hawajahama. Watakaoonekana bado wako chini ya wazazi wataingizwa kwenye mpango wa vyumba vya kodi nafuu. Wenzangu watafika mtaani kwenu karibuni. Mimi nimekatazwa kuja kwa kuwa ni nyumbani.

Mdogo wangu, mkewe na mtoto wao mchanga bado wanalala sebuleni? Moyo hautulii, Mama. Wakikuuliza kama mnakula chungu kimoja, jibu ndiyo, basi.

Binti yako

19 Machi

Mama Maswali wangu,

Marahaba. Mgongo hauna adabu, lakini natembea. Barua yako imefika wenzako wameshapita, posta inatambaa.

Alikuja kijana mwenye heshima zake, kitambulisho shingoni. Akauliza, "Mama, humu ndani mnakula chungu kimoja?" Nikamjibu viwili. Sikudanganya. Mkwe wangu alipokuja nilimnunulia jiko lake, nikampa upande wa dirishani, asijione mgeni. Tunapika tumepeana migongo, kila mtu na sufuria yake. Mdogo wako akirudi kutoka kupaka rangi nyumba za watu, mkewe humpakulia, naye hukaa kama mwenye nyumba. Napenda kumwona vile.

Kopo lao la unga nalijaza mimi, ndiyo, lakini nalijaza wakiwa hawapo.

Yule kijana akaandika: kaya mbili. Nimekosea?

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, sikuweza kukaa.

Kwetu sisi, kaya mbili maana yake mdogo wangu ameshajitegemea, na aliyejitegemea hapewi chumba. Mtoto wao atajifunza kutambaa chini ya meza yako! Msimamizi wetu atarudia nyumba chache kuhakikisha. Akija kwako, tafadhali mwambie ukweli wote: mwanao hajitegemei, analishwa na mama yake, na lile jiko la pili ni la kuzugia tu. Ni aibu ya siku moja, kisha wapate mlango wao wenyewe.

Usimwambie mdogo wangu, unajua anavyonuna. Ukimaliza kusoma, choma barua hii.

Binti yako

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo, roho ndiyo inayozunguka nyumba nzima, haina pa kukaa. Hii naandika kwa kukisia, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Miwani yangu niliikalia ikavunjika.

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilimpa mdogo wako anisomee. Alisoma mpaka mwisho, hata pale pa "choma". Hakuruka neno. Mkewe alikuwa anamenya viazi, akaacha. Mdogo wako akaikunja barua, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Dada anaandika vizuri."

Kesho yake wakahama na mtoto wao. Wako kwenye nyumba ya tajiri mmoja ambayo haijaisha. Mdogo wako anailinda huku anaipaka rangi. Madirisha ni plastiki, na upepo ukivuma mtoto anashtuka. Nimekukasirikia, nisikufiche. Halafu nakukumbuka ulivyokuwa ukimbeba mgongoni huyo mdogo wako, hasira inapotea, kisha inarudi.

Jana niliwapelekea chakula. Nikamkuta msimamizi wenu amefika kabla yangu, majirani walimwelekeza. Nikafurahi, nikajua sasa ataandika alichokiona kwa macho yake. Akamuuliza mdogo wako kama bado anawategemea wazazi. Mdogo wako akanitazama mimi, si yeye.

"Hapana," akasema. "Mimi nina kwangu."

Msimamizi akageuka. "Mama, ni kweli? Kijana anajitegemea?"

Nilijua chumba kinapotea pale pale. Nilijua na wewe ungepiga kelele. Lakini mkewe alikuwa kasimama mlangoni na mtoto, ananiangalia. Nikakificha chakula nyuma yangu, nikamwambia msimamizi, "Ni kweli. Mimi nimekuja kutembea tu."

Mama yako