Mafiga Yaliyotoka Ziwani

S.L.P. 218,
Lodwar.
21 Aprili 2013

Mpendwa Mjomba Wandera,

Ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku, nami nimezoea mpaka wateja wa chai wanaotoka Bungoma nawaamkia hivyo hivyo. U hali gani huko Norwe? Mguu ulioteleza kwenye barafu umepona? Na Mama Agot, bado anakukataza sukari? Sisi ni wazima, joto tu ndilo linatukaanga. Uchaguzi ulipita kwa amani, na mvua imekuja; Mto Turkwel umefurika, mbuzi wa ng'ambo wamebaki ng'ambo.

Nimekaa chini kukushukuru. Usijiulize ni kwa zawadi gani, maana tangu ile sweta hujatuma kitu, na sweta Lodwar, Mjomba, kweli? Nakushukuru kwa maneno uliyoniambia nikiwa mdogo, siku tuliyopaka chokaa nyumba ya nyanya kule Sio Port. Maneno hayo yameniokolea ndoa.

Unajua mume wangu Ethuro anafanya kazi katika kambi ya wakimbizi Kakuma, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mahari ilishatolewa, lakini kwa watu wa nyumba yao mke bado ni mgeni mpaka mama mkwe ale chakula cha jikoni kwake na aridhike. Basi mwezi uliopita mama yake, Akoru, akatuma habari kwamba anakuja kutoka Kaikor. Weee! Nilipiga deki mpaka uani.

Jiko langu lilikuwa la matofali mabovu, nikaona aibu. Nilipokwenda Kalokol kununua samaki, nikaona mawe kwenye uwanda mkavu, mbali na maji, mahali ambapo zamani ziwa lilifika. Mviringo kama kabichi, na moja lililovunjika lilikuwa na tabaka juu ya tabaka ndani yake. Nikapenda. Nikachukua matatu, nikayapakia kwenye pikapu pamoja na samaki, nikayafanya mafiga. Nilijiona fundi kabisa.

Akoru alifika na gunia dogo zito. Akatazama jiko, akaliweka gunia lake nyuma ya mlango. Nikadhani ni mahindi, na ameona nyumba yangu haistahili mahindi. Alikula kidogo kidogo kama ndege. Mimi nikazidi kupika, mbuzi kutwa nzima juu ya makaa ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa huku, moto mkali kweli. Mafiga yakaanza kugeuka meupe. Nikasema moyoni, yanapendeza hayo!

Jumapili tukatoka kanisani na majirani wawili. Mchuzi ukafurika, ukamwagikia mafiga. Lo! Figa moja lilifoka mvuke, likavimba, likapasuka na kumomonyoka mbele ya macho yetu. Sufuria ikapinduka, nyama yote chini. Akoru akashika mdomo. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Jiko imekataa. Kesho tafutia mimi gari."

Mjomba, nililia. Nilijua akifika Kaikor na neno hilo, wazee watalishika, na Ethuro hamvunjii mama yake heshima. Kwetu tunasema figa moja haliinjiki chungu, na mimi nilikuwa nimebaki figa moja hasa.

Nilipokuwa nazoa ule unga mweupe ndipo nikakukumbuka, umesimama juu ya ngazi na ndoo ya chokaa, unanihubiria kama padri. Nikaenda nikaketi mbele ya Akoru. Nikamwambia jiko halikukataa. Jiwe hili lilijengwa na viumbe vidogo, vya kijani, visivyoonekana kwa macho. Ukoo wao ulikuwa majini kabla ya samaki, kabla ya nyasi, kabla ya mtu yeyote. Wao huvuta ile hewa ya ukaa tunayoitoa puani, na palipo na maji ya chumvichumvi kama ya ziwa hili, hewa hiyo hugeuka jiwe juu yao, utando baada ya utando. Ziwa likarudi nyuma, jiwe likabaki na pumzi ndani. Moto wangu ndio ulioifungulia.

Akanitazama sana. Akauliza, "Na sasa pumzi imeenda wapi? Imepotea?"

Hapo ndipo nilipokushukuru kwa sauti, akadhani naomba Mungu. Nikamwambia haijapotea, imerudi hewani, na unga huu ndio chokaa, ukitiwa maji na kupakwa ukutani utaivuta tena uwe jiwe. Akasema nimwonyeshe, gari lingoje.

Tukakoroga kwa kijiti, mkono mbali kama ulivyonifunza, tukapaka ukuta wa jikoni. Kila asubuhi alipitisha kiganja. Siku za kwanza kilitoka cheupe, akaguna. Kisha asubuhi moja kikatoka safi. Akapitisha tena, akacheka! Akauliza kama na mafuta yaliyopatikana Lokichar mwaka jana ni mambo hayo hayo. Nikamjibu ndiyo, ni hao wadogo wa ziwa la kale zaidi, walizikwa matopeni na pumzi yao. Akasema, "Kumbe wazungu natafuta mchuzi ya ziwa!" Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Ndipo akalivuta lile gunia. Mjomba, hayakuwa mahindi. Yalikuwa mafiga matatu, meusi, magumu, mawe ya mlimani kwao Kaikor. Kumbe katika nyumba yao mama mkwe ndiye anayempa mke mafiga, naye aliyabeba njia yote hiyo, akafika akakuta nimeshajiwekea yangu. Ndiyo maana hakula. Nikamwomba radhi, akanipiga kofi dogo la shavu, la mapenzi.

Ethuro aliporudi alikuta ukuta mweupe na mama yake anamaliza sahani ya pili. Alivua viatu, akaketi.

Nisalimie Mama Agot, na Agot mwenyewe, mwambie asome. Ethuro na Akoru wanakusalimu sana. Mungu akutunze katika baridi hiyo, akurudishe kwetu ukiwa na miguu yote miwili.

Jambo la mwisho, na ni agizo. Akoru aliweka mafiga mawili tu. La tatu amerudi nalo Kaikor, akasema mahali pake liwekwe figa la watu wangu, na aliyenifundisha ndiye alilete. Kwa sasa sufuria inaegemea tofali. Ukija Desemba pitia Sio Port, Mjomba, ulete jiwe moja gumu. Tafadhali, lisiwe la ziwani.

Mpwa wako akupendaye na kukushukuru,
Awino