Karatasi ya Tetekuwanga ya Babu Yako

Mjukuu wangu Salma,

Salaam aleikum. Huku Kibokoni sote wazima, Alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume. Na wewe, daktari mzima, huandiki mpaka uwe na swali?

Waniuliza kama ni vibaya kumtoza mgonjwa pesa ya cheti cha kuonyesha kazini, na hospitali ni ya serikali. Basi sikiza. Babu yako, kibarua wa bandarini, alishikwa na tetekuwanga. Dawa alipewa bure, lakini daktari akataka alipwe ndipo aandike karatasi. Nikakataa. Nikampeleka babu yako mwenyewe mbele ya karani wa bandarini. Karani kuuona uso ule, akarukia nyuma ya kiti.

"We mwanamke, mtoe mumeo! Atatuambukiza!"

"Kwa hivyo umeamini anaumwa?"

"Naamini! Lakini bila karatasi, kazi hana."

Tukarudi hospitali, nikalipa. Daktari akatia sahihi bila kuinua macho. Ningempelekea mbuzi, angeandika vilevile.

Utoze usitoze, mtajuana na serikali yenu. Lakini nikisikia umetia sahihi bila kumtazama mtu usoni, likizo usije kwangu.

Nyanya yako,
Mwanakombo