Beseni la Dawa Mlangoni

Jumanne, baada ya Alasiri. Mvua imekatika, jua limetoka kali, na ndani ya kitalu nyumba chetu joto halivumiliki. Mimi nimekaa nje. Sina uso wa kuingia.

Nyanya zinakufa. Ilianza miche miwili karibu na mlango, ikilegea mchana na majani yake bado kijani. Leo ni mstari mzima. Asubuhi nilikata shina nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji, ukachuruzika ute mweupe kama tui. Huo ni mnyauko, na hauna dawa. Unakaa udongoni, unapanda viatu, unaingia na mtu.

Ndiyo maana tuliweka beseni la dawa mlangoni, kila aingiaye alikanyage kwanza. Kikundi chetu cha akina mama hapa Zinga kilinikabidhi mimi mlango kwa sababu, walisema, sina haya. Kweli, hata bwana shamba nilimrudisha akakanyage.

Mama yangu sikumrudisha.

Alikuja mwezi uliopita moja kwa moja kutoka shambani kwake, kandambili zimejaa tope, kuniuliza kwa nini bilinganya zake zinanyauka. Wenzangu walikuwa ndani wanafunga kamba. Nikaona vibaya kumwambia mama mzazi, mbele za watu, aoshe miguu kama mtoto. Nikasema, "Shikamoo mama, karibu ndani." Akapita.

Jana kikaoni lawama zilimwangukia mwenzetu Tatu, eti huingia mbio mbio. Wanataka atoke kikundini. Alilia, akaapa, "Wallahi, beseni sijaliruka hata siku moja!" Wote wakanitazama mimi mwenye mlango. Nikainama, nikajidai natafuta kandambili zangu.

Naona aibu hata kuandika.

Mchana huu nimekwenda kwa mama nikamweleza yote. Nilidhani atahamaki. Akaacha kukuna nazi.

"Beseni nililiona, mwanangu. Nilisubiri uniambie nikanyage, hukusema. Nikadhani ni la kunawia nyie." Kisha akauliza, "Na huyo mtoto wa watu mmemfanyaje?"



Kesho saa mbili wanakutana kumwandikia Tatu barua ya kumtoa. Nitatangulia kufika, nisimame pale pale mlangoni, niseme ni mimi. Mama kasema tutakwenda wote, na ataosha miguu mbele yao.