Hedifoni Zangu na Sikio la Kapteni

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu kazi au undugu, maana mimi ni rubani msaidizi wa ndege ndogo ya mizigo, ile ya pangaboi mbili ambayo ukishuka masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, na nyumbani nilikuwa napayuka mezani bila kujijua mpaka mke wangu ananiambia, "Baba, sisi hatujapanda ndege, teremsha sauti," ndipo akanizawadia hedifoni za kisasa zenye kuzima kelele, na sikufichi, nilipobonyeza kitufe mara ya kwanza nilidhani injini zimekufa, roho ikaruka, nikachungulia dirishani nikaona pangaboi zinazunguka kama kawaida, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tangu hapo nimekuwa mdadisi kuliko mtoto wa chekechea, najiuliza kelele yote ile imekwenda wapi, kwa nini nikivaa miwani yangu ya vishikio vinene mvumo unapenya na nikiivua unapotea, na siku betri ilipokwisha tukiwa angani ngurumo ikarudi kwa mpigo nikapiga ukelele, "Kapteni, injini!" naye akanitazama kwa huruma akasema, "Injini nzima kabisa. Kilichokufa ni hicho kidude chako."

Sasa Kapteni ndiye mtihani wenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na siku ya harusi yangu alisimama mahali pa marehemu baba. Anavaa hedifoni zake za zamani na sikio la kushoto huliacha wazi, anasema, "Injini ina lugha yake, kijana, ukiizibia masikio itakusengenya," na hizi zangu anaziita uziwi wa kununua, na ameapa hatanipendekeza kuwa kapteni mpaka niziache. Juzi tukikaribia kutua kile king'ora chembamba cha kutahadharisha kwamba magurudumu bado hayajateremshwa kililia, yeye akaendelea kupiga soga, nikamwambia, "Kapteni, magurudumu," akayateremsha akasema alikuwa ananijaribu, basi tukatua salama. Mke wangu naye anasema nikizirudisha hedifoni kabatini nami nilale hukohuko. Je, ni kweli hivi vitu vinamharibu rubani? Nimtii nani?

Mimi, Aliyezibwa Masikio.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikukate kiu. Nimemuuliza daktari wa masikio na fundi wa vyombo vya ndege, nikawasumbua mpaka wakanielewesha, mimi ninayeogopa hata feni. Ndani ya hedifoni zako mna maikrofoni ndogo inayosikiliza mvumo, kisha chombo kinatoa sauti iliyo kinyume chake, na mbili hizo zikikutana zinauana. Ndiyo maana mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini, kinaumudu hasa. Sauti nyembamba na za ghafla hakiziwezi sana, hizo hupunguzwa na mito yake tu. Miwani ikiinua mito, kelele inapita mlango wa uani, kwa hiyo tafuta yenye vishikio vyembamba, na betri ya akiba itembee nawe. Fundi anakiri kwamba mlio wa injini ukibadilika kidogo unaweza usiunase upesi kama zamani, basi macho yasibanduke kwenye mishale ya vipimo vya injini iliyo mbele yako. Hedifoni zivae. Mkeo ana akili.

Sasa nikukaripie. Barua nzima unanisimulia kidude, halafu king'ora umekipenyeza katikati kama mtoto anayeficha dawa chini ya ulimi! Mlikuwa wawili katika chumba kimoja. Wewe uliyeziba masikio yote mawili ulikisikia, mwenye sikio wazi hakukisikia. Hesabu hiyo hukuipiga, au uliipiga ukaogopa jibu? Mimi sijampima Kapteni wako, na pengine alikuwa anakujaribu kweli. Lakini daktari ameniambia sikio lililopigwa na injini miaka mingi hupoteza kwanza sauti nyembamba, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Nakuonea huruma, najua kumwambia mtu aliyekulea kwamba masikio yake yanachoka ni kazi nzito. Hata hivyo mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio hakitakuwa cha nyumba moja.

Kabla hamjaruka tena pamoja, mfuate nyumbani kwake. Mzungumze wawili tu, bila mzaha na bila kubishana habari za hedifoni. Mwambie, "Kapteni, siku ile king'ora kililia nikaona hukukisikia. Twende tukapimwe masikio, mimi nitaanza." Akikubali, mshike mkono mwende. Akikataa, siku hiyohiyo mweleze mkuu wa usalama kazini kwenu, na usipande naye ndege mpaka apimwe. Ukapteni wako utachelewa, na yeye atakununia, pengine mwaka mzima. Vumilia. Mtu aliye hai akinuna, huombwa radhi.