Mbwa Waliyemwita Daktari

Kaka yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Swali lako kuhusu hali ya Mama hospitalini nitalijibu, ila vumilia kwanza porojo zangu. Bomba la jikoni halivuji tena. Shangazi bado amenuna kwa kuwa kila Alhamisi nampeleka mbwa wangu wodini kuwaliwaza wagonjwa. Anasema kazi ya mbwa ni kubweka. Wagonjwa wenyewe wanamwita Daktari, eti ndiye pekee asiyechoma sindano.

Masharti ni machache: mgonjwa anatakasa mikono kabla ya kumshika na baada ya kumshika, na mbwa halambi mtu. Kwa jinsi ninavyoyasimamia, wodi nzima inaniita Askari.

Alhamisi tulifika kitandani kwa Mama. Alicheka, Kaka, mara ya kwanza tangu alazwe. Daktari akamlamba mkono, palepale penye kidonda cha dripu. Nikaona haya kumwambia mama yangu mzazi akanawe, kama vile namfukuza kwenye furaha yake. Nikamwacha aendelee kumpapasa mbwa.

Jumamosi homa ikampanda. Muuguzi akauliza kama mbwa alimlamba. "Mbwa gani? Hata hakunisogelea," Mama akajibu, huku ananitazama mimi. Nami nikaficha pia, hadi leo asubuhi nilipomweleza muuguzi yote. Wanasema ni bakteria wa kinywani mwa mbwa, na dawa wamebadilisha. Homa bado haijashuka. Njoo, Kaka.

Mama za watu sikuwahi kuwaonea haya hata siku moja.

Ni mimi, mdogo wako,
Askari